Utafungulia Wapi?

Mliosimama kwenye daladala, mkono mmoja juu umeshika bomba, poleni, mtafika tu. Karibuni kwenye dakika zetu za nyumba na ufundi. Mama uliye jikoni, usizime jiko. Ongeza sauti ya redio kidogo, tutakwenda pamoja.

Leo nazungumzia sakafu ya marumaru. Sizungumzii rangi yake wala mng'aro wake. Hayo muuza duka atakueleza, tena kwa maneno matamu kuliko yangu. Nazungumzia kipande kimoja tu cha sakafu hiyo: kile kinachofunguka. Ukikitazama ni marumaru kama zile za pembeni. Unapita juu yake, unadeki juu yake, mgeni anaweka kiti chake juu yake. Lakini siku ukikihitaji kinanyanyuka kizima, kazi ya chini inafanyika, kisha kinarudi mahali pake kizima.

Na swali langu la leo ni fupi, nitalirudia mpaka mnichoke: utafungulia wapi?

Tuanzie Keko, hapa Temeke. Keko wengi wanaijua kwa makabati na vitanda. Ukipita unakuta sofa zimepangwa kando ya barabara, kabati la milango mitatu linasubiri gari, vumbi la randa limetanda. Wengine wanaijua kwa gereza, wengine kwa Bohari ya Dawa kule Keko Mwanga. Mimi leo nataka tuache barabara, tupite vichochoroni, tuingie kwenye nyumba zenyewe: Keko Machungwa, Keko Magurumbasi, Keko Juu.

Nyumba nyingi za zamani huko ni zile tunazoziita nyumba za Kiswahili. Unaijua ilivyo: baraza mbele, ukumbi mrefu unaokata nyumba katikati, vyumba kulia na kushoto, halafu mlango wa nyuma unakutoa uani. Na uani ndiko kwenye mambo yote: jiko la mkaa, kamba ya nguo, bafu, choo. Chini ya uani, karo. Aliyejenga aliliweka karo uani kwa akili kabisa, yaani nje, penye jua na hewa, mbali na kitanda. Juu yake akalaza mfuniko wa zege wenye vishikio viwili vya nondo. Ulionekana na kila mtu, na hakuna aliyeuonea haya.

Miaka ikapita. Watoto wakakua, wakataka vyumba. Wapangaji wakaongezeka. Uani ukaezekwa bati, kwanza upande mmoja, kisha wote. Pakajengwa chumba, pakajengwa jiko la ndani, pakatengenezwa sebule ndogo ya nyuma. Sakafu ikapigwa. Na karo je? Karo halikuhama, mpenzi msikilizaji. Karo liko palepale lilipochimbwa. Nyumba ndiyo iliyolifuata.

Kwa hiyo leo ziko nyumba ambazo ukiuliza karo liko wapi, unaambiwa liko chini ya meza ya televisheni.

Ikaja marumaru. Zamani marumaru ilikuwa ya nyumba za wakubwa na za hoteli. Siku hizi viwanda viko hapahapa nchini, Mkuranga na Chalinze, na tangu vilipoanza kuzalisha, miaka ya 2010 ikielekea ukingoni, boksi la marumaru limekuwa kitu ambacho mwenye nyumba wa kawaida anakinunua kidogokidogo, boksi tano mwezi huu, boksi sita mwezi ujao. Ni jambo jema. Marumaru inadekika, haitoi vumbi, mtoto anatambaa bila wasiwasi. Mimi sina ugomvi na marumaru. Ugomvi wangu uko kwenye mazungumzo ya dakika mbili yanayofanyika siku ya kuipanga.

Tuchukue mfano. Fundi amefika asubuhi, amechanganya gundi, amepanga kuanzia mlangoni, kazi inakwenda vizuri. Saa sita anafika kwenye ule mfuniko wa zamani.

"Shikamoo mama. Samahani, hii chemba hapa tunaifanyaje?"

"Marahaba mwanangu. Si uifunike tu? Mbona inaharibu sura ya chumba?"

"Sawa mama."

Mwisho wa mazungumzo. Fundi amelipwa kwa mita za mraba, hakulipwa kwa mifuniko. Mama ametaka chumba kipendeze. Hakuna mbaya hapo. Lakini hakuna aliyeuliza: tutafungulia wapi?

Na siku ya kufungua inakuja, maana chini ya sakafu kuna vitu ambavyo havijui habari za mapambo. Karo linajaa. Chemba inaziba, mtu katupa kitambaa, mtu kamwaga mafuta ya kukaangia, mchanga wa kuoshea masufuria umeganda kwenye kona ya bomba. Koki ya kufungia maji iliyozikwa sakafuni inaanza kuvuja. Na kuna lile tanki la maji la chini ya ardhi. Mnakumbuka Oktoba na Novemba 2022, maji ya mto Ruvu yalipopungua na DAWASA ikatangaza mgao? Walio na akiba chini ya nyumba walishukuru. Lakini tanki la maji nalo linataka kuoshwa, linataka kuchunguliwa nyufa, pampu yake inataka kutolewa ikiharibika. Yote hayo yanataka tundu, na tundu linataka mfuniko.

Sasa tazama siku inapofika na mfuniko haupo. Mara nyingi ni masika, kwa sababu mvua za Machi hadi Mei zinapandisha maji ya ardhini, na karo lililokuwa linajikongoja linazidiwa. Maji yanarudi chooni. Anaitwa mzibuaji. Mzibuaji anauliza chemba iko wapi. Mwenye nyumba anaonyesha kwa kidole: "Nadhani hapa." Tindo inapiga. Hapana, siyo hapa, labda pale. Tindo inapiga tena. Marumaru nane zimevunjika kabla karo halijaonekana.

Kisha unakwenda dukani kutafuta marumaru nane za kuziba pengo. Muuza duka anakuambia ile hawaitengenezi tena. Au ipo, ila ukiiweka chini unakuta imekolea kidogo kuliko zile za zamani, maana marumaru za maua yaleyale zikitoka kiwandani kwa nyakati tofauti zinaweza kupishana rangi. Chumba ulichotaka kipendeze sasa kina kiraka katikati. Na mwaka ujao karo litajaa tena.

Kabla sijaingia kwenye ufundi wenyewe, niseme neno kuhusu wanaonyonya makaro, kwa sababu mfuniko huu kwa sehemu kubwa ni wao tunaowatengenezea. Sehemu kubwa ya jiji letu haijaungwa kwenye bomba la majitaka. Tunategemea karo na gari la kunyonya, ambalo linapeleka mzigo kwenye mabwawa ya majitaka kama yale ya Vingunguti. Sasa vichochoro vya Keko unavijua. Gari linaishia barabarani, mpira ndio unaoingia ndani. Na penye mpira mfupi, watu wamebuni njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, Dar es Salaam ilijaribu mtambo ulioitwa MAPET, pampu ya kuzungushwa kwa mkono na pipa lake, vyote vikisukumwa kwa mkokoteni hadi mlangoni. Baadaye ikaja Gulper, bomba refu lenye mpini ambalo fundi analisimamisha wima ndani ya shimo na kuvuta, na shirika la WaterAid lililifanyia majaribio hapahapa Temeke.

Kwa nini nakueleza haya? Kwa sababu ubunifu wote huo, wa mkokoteni, wa mpini, wa mpira mrefu, unasimama kwenye jambo moja: mtu amekuta tundu. Akikuta sakafu nzima isiyofunguka, hana la kufanya. Na mwenye karo lililojaa asiye na pa kufungulia, tunajua wengine wanafanya nini. Wanasubiri mvua kubwa usiku, wanatoboa ukuta wa karo kwa nje, wanalitapisha kwenye mtaro. Asubuhi watoto wa mtaa mzima wanakanyaga. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilikuwa na njia nyingi za kupita, na majitaka yanayotiririka mtaani ni miongoni mwa njia zake zinazojulikana. Sisemi kila anayefunika chemba anataka hivyo. Nasema anajifungia mlango mmoja, na mlango unaobaki ni mbaya.

Haya, tuingie kwenye ufundi. Mwenye kalamu achukue, lakini hata bila kalamu utaelewa.

Mfuniko wa namna hii una vipande viwili. Cha kwanza ni fremu ya chuma cha pembe, ya mraba, inayozikwa kwenye zege kuzunguka tundu. Hiyo haitoki tena. Cha pili ni trei ya chuma yenye kina kidogo inayokaa ndani ya fremu hiyo. Ndani ya trei unamwaga zege, juu ya zege unabandika marumaru. Basi. Kinachoonekana ukimaliza ni mstari mwembamba wa chuma kuzunguka marumaru moja. Ukipangwa vizuri, mgeni atadhani ni pambo.

Hapo Keko huna haja ya kwenda mbali. Mafundi wa kuchomelea mageti na madirisha wanaweza kuitengeneza. Tatizo halipo kwenye kuchomelea, lipo kwenye vipimo, na hapa nataka tutulie kidogo.

Muulize seremala yeyote wa Keko kuhusu droo. Droo ikilingana kabisa na tundu lake haiingii, na ikiingia haitoki. Seremala anaacha nafasi kidogo kila upande, na mwezi wa mvua ndipo unapojua nani aliiacha na nani hakuiacha. Mfuniko nao ni hivyohivyo. Acha milimita tatu hivi kila upande kati ya trei na fremu. Ukibana sana, kutu kidogo tu itaishika na utaita mtaimbo. Ukilegeza sana, itacheza, itagonga kila ukipita, na marumaru itapasuka kona.

Jambo jingine: chuma kikichomelewa kinajipinda. Mwambie fundi asichomelee upande mmoja mpaka mwisho ndipo aende upande mwingine. Ashike kona moja kwa nukta, aende kona inayotazamana nayo, arudi. Akimaliza apime kona kwa kona, mara mbili, mshazari huu na mshazari ule. Vipimo vikilingana, ni mraba. Visipolingana, usipokee. Ni rahisi kurekebisha chuma kikiwa mezani kuliko kikiwa ndani ya zege.

Halafu kutu. Sisi tuko pwani, na chuma cha hapa kinaliwa na hewa ya chumvi kutoka juu na mvuke wa karo kutoka chini. Kama mfuko unaruhusu, tumia chuma kisichoshika kutu au kilichopakwa zinki. Kama hauruhusu, chuma cheusi kinafaa, lakini kipigwe msasa, kipakwe rangi ya kuzuia kutu mara mbili, ndani na nje, hasa upande wa chini usioonekana. Mafundi wengi wanapaka upande unaoonekana. Chini ndiko kunakooza.

Sasa uzito. Hili watu hawalifikirii mpaka siku ya kunyanyua. Marumaru ya sentimita 60 kwa 60, ukiitengenezea trei na kumwaga zege la unene wa sentimita nne tu, zege peke yake linakaribia kilo 35. Ongeza marumaru yenyewe na chuma, umefika kwenye kilo 50 na zaidi. Yaani mfuko mzima wa saruji, tena hauna pa kushika. Mama peke yake nyumbani ataunyanyua? Kwa hiyo ushauri wangu, na hapa mafundi wengine watanibishia: kwa karo, tumia marumaru ya 40 kwa 40. Uzito unashuka hadi kama nusu ya huo. Mpira wa kunyonyea unapita, bomba la Gulper linapita. Na tundu la chini liwe dogo kuliko mfuniko, tuseme sentimita 27 kwa 27.

Kwa nini 27? Umewahi kujiuliza kwa nini mifuniko mingi ya barabarani duniani ni ya duara? Mojawapo ya sababu ni kwamba duara hata ukiligeuza vipi haliwezi kutumbukia kwenye tundu lake. Mraba unaweza. Ukiusimamisha na kuugeuza mshazari, unazama, na kuutoa karoni sikuombei. Sasa tundu la 27 kwa 27, ukipima kona kwa kona, ni sentimita 38. Mfuniko wa 40 haupiti hapo hata ukitaka. Na mtu mzima naye hapiti, jambo ambalo mimi nalihesabu kama faida. Nitalirudia hili baada ya dakika chache.

Tanki la maji ni habari nyingine. Hilo linaoshwa ndani, linahitaji tundu la mtu kuingia, kwa hiyo hapo mfuniko mkubwa haukwepeki. Watu wawili wa kuunyanyua, na mfuniko unaburutwa pembeni, hausimamishwi juu ya tundu. Uburute, usiugeuze. Na ukingo wa fremu ya tanki la maji uinuliwe kidogo, ili maji ya kudekia yasiingie kwenye maji ya kunywa.

Kunyanyua kwenyewe tunafanyaje? Usiweke kishikio kinachochomoza. Utajikwaa na utaharibu sura ya chumba uliyoitafuta. Fundi achomelee nati mbili chini ya trei, na juu ya kila nati asimamishe kipande kifupi cha bomba hadi usawa wa marumaru, ili zege lisiizibe. Marumaru itobolewe matundu mawili kabla ya kubandikwa, kwa kekee yenye ncha ya kukatia marumaru, ikimwagiwa maji. Siku za kawaida matundu hayo yanafungwa kwa skrubu fupi bapa. Siku ya kufungua, unatoa skrubu, unafunga bolti mbili ndefu zenye pete, unavuta. Hizo bolti zitundike karibu na mita ya LUKU, mahali kila mtu wa nyumba anapajua. Ukizificha kabatini, siku ya siku hazitaonekana.

Sasa jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, na wala siyo la chuma. Fundi marumaru aanze kupanga wapi? Mazoea ni mlangoni, au katikati ya chumba. Nyumba yenye mfuniko ianzie kwenye mfuniko. Fremu izikwe kwanza, ipimwe kwa pimamaji, ikae usawa ambao marumaru itaufikia baada ya gundi. Kisha mistari yote ya marumaru ianzie kwenye fremu hiyo na kutawanyika hadi ukutani. Vipande vya kukata viangukie pembeni, chini ya kabati, ambako hakuna anayetazama. Ukifanya kinyume, mfuniko utaangukia katikati ya marumaru nne, utakuwa na vipande vinne vilivyokatwa ovyo, na hapo ndipo mwenye nyumba anaposema mfuniko unaharibu sura. Mfuniko haukuharibu kitu. Mpango ndio uliokosewa.

Kwa hiyo, nasema tena: kabla fundi marumaru hajafungua boksi la kwanza, fundi bomba aje, asimame chumbani, aonyeshe chemba zote na karo, na swali liulizwe kwa sauti. Tutafungulia wapi? Jibu likipatikana, ndipo gundi ichanganywe.

Wakati wa kumwaga zege kwenye trei, trei iwe ndani ya fremu yake, siyo pembeni, ili vikae usawa mmoja. Paka grisi kwenye kingo, au weka nailoni katikati, zege lisivigandishe pamoja. Kesho yake mnyanyue kidogo na kurudisha, kuhakikisha. Na ule upenyo wa kuzunguka, tafadhali, usizibwe kwa saruji ya kujazia mistari. Nimeona mfuniko mzuri kabisa, umegharimiwa, kisha kijana wa kusafisha akapitisha saruji nyeupe kote, na mfuniko ukawa sakafu. Ziba kwa grisi nzito au kwa silikoni inayokatika kwa wembe.

Hapo tunafika kwenye harufu. Wengi wanafunika kwa sababu ya harufu, na wana haki. Hakuna anayetaka kula wali huku karo likimsalimia. Lakini harufu haizuiwi kwa kuzika mfuniko, inazuiwa kwa njia mbili pamoja. Ya kwanza ni ile grisi ukingoni. Ya pili ni bomba la kupumulia, linalotoka kwenye karo na kupanda hadi juu ya bati. Hewa ya karo lazima ipite mahali. Usipoipa bomba, itatafuta sinki lako. Walioezeka uani mara nyingi walikata lile bomba la zamani kwa sababu lilizuia bati, na hawakulirefusha. Nenda kaangalie lako leo.

Na hewa hiyo siyo ya kuchezea. Ndani ya karo na chemba iliyofungwa muda mrefu kuna gesi zinazoua. Iko ile inayonuka kama yai viza, sulfidi ya haidrojeni. Unadhani pua itakuonya? Gesi hiyo ikizidi, pua inakufa ganzi. Mtu anaacha kusikia harufu, anadhani imekwisha, kumbe ndiyo imekolea. Iko methani, inayoshika moto. Na oksijeni inaweza kuwa haitoshi kabisa. Kwa hiyo mfuniko ukifunguliwa ndani ya nyumba, milango na madirisha yote wazi, jiko la mkaa lizimwe, hakuna kiberiti wala sigara, watoto na wazee watoke nje. Na mtu yeyote asiingie karoni. Hata simu ikitumbukia. Akianguka mmoja, wa pili anayeingia kumwokoa naye anaanguka. Ndivyo ajali hizi zinavyochukua watu wawili, watatu kwa mpigo. Sasa unaona kwa nini napenda tundu ambalo mtu mzima hapiti.

Najua wapo wanaosema moyoni: mwenzetu umechelewa, kwangu marumaru zilishalazwa. Usivunje chochote leo. Subiri kwanza tutafute. Anzia chooni, angalia bomba linatokea ukuta gani. Kwa kawaida limekwenda karibu na mstari ulionyooka. Tafuta bomba la kupumulia kama bado lipo. Muulize mpangaji wa zamani au jirani mwenye umri, kuna watu wanakumbuka uani wako kuliko wewe. Kisha chukua mpini wa nyundo, gonga marumaru taratibu na usikilize. Juu ya tundu mlio ni mwingine. Ukishapajua, fundi akate kwa grainda kwenye mistari ya saruji, siyo katikati ya marumaru, na azitoe akijaribu kuziokoa. Avae barakoa na amwagie maji, maana vumbi lile linaharibu mapafu. Akitoa, fremu inazikwa, na mfuniko unapatikana bila kubomoa chumba.

Na ukishakuwa nao, usiweke kabati juu yake. Hasa kabati la Keko! Lile la milango mitatu likishakaa halitaki kuhama. Kumbuka pia wa Gulper anahitaji bomba lake lisimame wima, kwa hiyo pasiwe chini ya kitanda wala chini ya dari ya kuinama. Kama bado unajenga, ni heri zaidi tundu likae kwenye ujia au kibarazani kuliko chumbani.

Kuna swali ambalo kila nikigusa mambo haya lazima liulizwe: mimi ni mpangaji, hili linanihusu nini? Linakuhusu kabla hujalipa kodi ya miezi sita. Unapokwenda kuangalia chumba, unauliza maji, unauliza umeme, unauliza majirani. Uliza na karo. "Baba, samahani, likijaa linafunguliwa wapi?" Mwenye nyumba akikuonyesha mahali, vizuri. Akianza kuangalia huku na huku kama aliyepoteza ufunguo, ujue siku moja tindo itaingia chumbani kwako, na vyombo vyako ndivyo vitakavyotolewa nje. Gharama ya mfuniko ni ya mwenye nyumba; hiyo ni sehemu ya nyumba kama lilivyo paa. Gharama ya kunyonya, mnagawana kadiri mlivyokubaliana, ila muandikiane mapema.

Na vijana mnaosomea ufundi bomba na uashi pale VETA Chang'ombe, hatua chache tu kutoka Keko, hapa kuna kazi. Mafundi wa kulaza marumaru ni wengi. Wa kuchomelea ni wengi. Anayejua vyote viwili kiasi cha kutengeneza mfuniko unaokaa sawasawa, unaonyanyuka na usionuka, bado ni wa kutafutwa.

Muda wangu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha saa. Juma lijalo, saa hizihizi, tutazungumzia mteremko wa bafu, na kwa nini maji yanakimbilia kona badala ya kwenda kwenye tundu la kutolea maji.